Hisabati: Lazima Kwenye Ratiba, Hiari Kwenye Matokeo

Kila Januari ikielekea ukingoni Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kidato cha nne, na Dar es Salaam nzima inakuwa na habari moja tu. Magrupu ya WhatsApp ya ukoo yanajaa pongezi, shule binafsi zinakimbilia kutundika mabango yenye sura za vijana wao, na viongozi wanasema mbele ya kamera kwamba ufaulu umepanda. Ni kweli umepanda. Katika matokeo ya mtihani wa 2024, watahiniwa zaidi ya 92 katika kila 100 walifaulu. Ila kwenye taarifa hiyohiyo, somo la hisabati lilikuwa na ufaulu wa takribani asilimia 25. Mwaka uliotangulia mambo yalikuwa hivyohivyo, na miaka kadhaa kabla ya hapo tulikuwa tukizunguka kwenye asilimia 20.

Hao ni watoto walewale. Tisa katika kumi wamefaulu, na robo tatu wameanguka somo ambalo wote wamelisoma miaka 11, tangu darasa la kwanza. Ukitaka kuujua mtaala wetu wa hisabati, achana kwanza na orodha ya mada. Uliza inawezekanaje namba hizo mbili zikae kwenye karatasi moja na nchi ikaendelea na shughuli zake.

Inawezekana kwa sababu ya namna divisheni, yaani daraja la jumla la mtahiniwa, inavyopatikana. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na yanachukuliwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mwanafunzi mwenye masomo tisa akipata C saba nje ya hisabati ana pointi 21, hiyo ni divisheni ya pili, na nyumbani patapigwa vigelegele. F yake ya hesabu imeandikwa kwenye cheti lakini haikugusa chochote. Atachaguliwa kidato cha tano kwenye mchepuo wa sanaa au lugha, na mwalimu wake wa hesabu atamsalimia kwa furaha wakikutana kituoni Mbagala Rangi Tatu, kwa kuwa hata yeye hakuna aliyemdai.

Jiweke kwenye kiti cha mkuu wa shule ya kata huku pembezoni, Chanika au Gongo la Mboto. Una mikondo mingi, darasa moja lina wanafunzi sabini na zaidi, na walimu wa hisabati ni wachache mno. Mwisho wa mwaka utaulizwa umetoa divisheni ziro ngapi. Una Jumamosi chache za masomo ya ziada. Utazipeleka wapi? Utazipeleka kwenye kiswahili, uraia, historia na jiografia, masomo ambayo mtoto akikazana miezi mitatu anatoka F kwenda D, au D kwenda C. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Mfumo umemwambia mkuu wa shule kwamba hesabu ni somo la kupita nalo, naye amesikia.

Mchezo huu unaanza mapema kuliko kidato cha nne. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300, na daraja la C linaanzia alama 121. Mtoto aliyepata alama 8 za hisabati lakini akajitahidi kwingine anavuka bila wasiwasi. Na katika hizo 8, nyingine ni za kubahatisha, maana sehemu kubwa ya mtihani ni kuchagua jibu na kusiliba herufi. Upimaji wa kidato cha pili nao unamtazama mtoto kwa ujumla wake. Kidato cha tano na sita vivyo hivyo: wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia wamekuwa wakisoma BAM, ile hisabati ya ziada kwa wasiochukua hisabati kama somo kuu, na BAM haihesabiwi kwenye pointi. Kila mlango ambao tungetegemea umzuie mtoto na kumuuliza kuhusu hesabu uko wazi, na mlinzi amesinzia.

Kuna watakaosema tatizo ni ugumu. Hesabu zina wenyewe, ndivyo tunavyosema, na mzazi akishasema hivyo mbele ya mtoto kazi imekwisha. Tuutazame basi huo mtihani wa hisabati wa kidato cha nne. Una maswali 14. Kumi ya sehemu A yana alama 6 kila moja, manne ya sehemu B yana alama 10 kila moja. Ili kupata D unahitaji alama 30 katika 100. Maana yake ni maswali matano madogo kati ya 14, sehemu B usiiguse kabisa, ukae saa tatu. Robo tatu ya vijana wetu hawafiki hapo. Mtu anayelalamika kwamba tumejaza matriki na vekta anatazama juu ya paa wakati maji yanaingia mlangoni. Aliyekosa alama 30 hakukwamishwa na matriki.

Amekwamishwa na kitu kama hiki, ambacho mwalimu yeyote wa kidato cha tatu atakuonesha kwenye madaftari bila kutafuta sana: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Darasa la tano alifundishwa kutafuta asili inayofanana, akaimba KDS (kigawe kidogo cha shirika) na wenzake, akapata vema siku ile, akasahau. Sasa yuko kidato cha nne, mada ni uwezekano. Tukio la kwanza lina uwezekano wa 1/2, la pili 1/3, hayawezi kutokea pamoja. Tafuta uwezekano wa kutokea mojawapo. Anajua kwamba anatakiwa kujumlisha. Mada ya kidato cha nne ameielewa. Anaandika 2/5 na kupigiwa mkasi.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo, na hakushtuka. Mpeleke dukani Tandale, mwenye duka ampimie nusu lita ya mafuta ya kula, aongeze theluthi ya lita, kisha amkabidhi pungufu ya nusu lita. Atagoma pale pale na watu watajaa. Kwenye daftari hagomi, kwa sababu pale 1/2 haina ukubwa, ni alama mbili zilizotenganishwa kwa mstari. Toka hapo kila kitu kinachofuata kinajengwa hewani. Kidato cha pili anakutana na 1/x + 1/y, anaandika 2/(x+y). Kwenye mteremko wa mstari, kwenye pembetatu zinazofanana, kwenye mabadiliko ya uwiano, shimo ni lilelile. Tunamhesabia amefeli mada sita wakati amefeli moja, ya shule ya msingi, na hakuna kipindi hata kimoja sekondari kilichotengwa kumrudisha huko.

Hapo ndipo ninapoulaumu mtaala wenyewe. Muhtasari tuliokuwa nao kwa miaka mingi ulifungua kidato cha kwanza kwa namba, sehemu, desimali na asilimia, kwa haraka, kama mtu anayekumbushwa jambo analolijua, kisha safari ikaendelea: aljebra, uwiano, faida na hasara. Kidato cha pili vipeo, milinganyo ya daraja la pili, logi, seti. Kidato cha tatu unakutana na dunia kama tufe, unatafuta umbali wa miji miwili iliyo kwenye latitudo moja kwa maili za baharini. (Mada naipenda sana, na kwa jiji lenye bandari kama hili ingefaa kufundishwa kwa ramani mkononi. Lakini nani amewahi kuiona ikifundishwa hivyo?) Kila mada ina idadi yake ya vipindi, na mwalimu anadaiwa kumaliza. Kumaliza ndilo neno kubwa kwenye ofisi za walimu wa hisabati. Silabasi imeisha? Imeisha. Watoto wameelewa? Hilo halina safu kwenye fomu.

Kisha kuna vitabu vya logi. Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne kikokotoo kimekuwa marufuku, na mtahiniwa anaruhusiwa majedwali. Muuza mitumba wa Karume anapiga hesabu zake kwenye simu, fundi wa madirisha ya alumini vilevile, na mtoto wa 2024 anafundishwa kusoma safu za tarakimu nne ili azidishe namba mbili kwa kujumlisha logi zake. Sina ugomvi na logi kama wazo, ni wazo zuri mno. Ugomvi wangu ni wiki zinazoliwa na jedwali wakati 2/5 iko palepale.

Na lugha je? Ina mchango, tena mkubwa, hasa kwenye maswali ya maneno. Uchambuzi wa majibu unaotolewa na Baraza umekuwa ukirudia kwamba watahiniwa wanashindwa kugeuza maelezo kuwa mlinganyo au ukosefu-usawa (zile za alama za > na <), na ni vigumu kuandika mlinganyo wa habari usiyoielewa. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimebadilishwa jina kuwa la Kiingereza. Ningependa hisabati ifundishwe kwa Kiswahili hadi kidato cha nne, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeonesha kwamba serikali ikitaka inaweza kuweka somo linalofundishwa kwa Kiswahili sekondari. Lakini sitaki tujifiche humo. 1/2 + 1/3 imeandikwa bila lugha yoyote.

Nitoe mfano wa mahali ambapo F hii inadaiwa hatimaye, maana inadaiwa, ila si na shule. Wanawake wengi wa sokoni na vijana wa bodaboda wa jiji hili wanaifahamu mikopo ya kausha damu. Mkopo wa kawaida unaweza kuwa hivi: unapewa shilingi 300,000, unarejesha 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 360,000. Mkopeshaji anasema riba ni asilimia 20 kwa mwezi, na mkopaji anapiga hesabu, 60,000 kwa 300,000, kweli ni 20, anasaini.

Lakini hukukaa na 300,000 mwezi mzima. Kuanzia siku ya kwanza ulianza kurudisha. Katika kila 12,000, shilingi 10,000 ni za mtaji na 2,000 ni riba. Siku ya kumi na tano nusu ya mtaji wa watu umesharudi kwao, na bado unalipa riba ileile kana kwamba umeshika wote. Kwa wastani ulikuwa na deni la kama 155,000, ambalo umelilipia 60,000. Hiyo ni karibu asilimia 39 kwa mwezi. Na wakikata ada ya fomu kabla hujapewa pesa, inapanda tena.

Hesabu hii haihitaji kidato cha sita. Riba imo kwenye muhtasari tangu kidato cha kwanza, wastani umo, asilimia imo. Kwa maana ya mada, mama wa sokoni aliyesaini mkopo huo alifundishwa kila kitu kinachotakiwa. Hakuwahi kupewa tatizo lenye sura ya maisha yake likamtaka aamue lipi la kugawa kwa lipi. Alipewa P, R na T (mtaji, kiwango cha riba na muda), akatakiwa kuzipachika kwenye kanuni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai mtaala umekosa hesabu za maisha. Hesabu za maisha zimo, zimeandikwa kama kanuni, na zinapita siku ya pili na hazirudi.

Wazazi wenye uwezo wamejitafutia dawa: tuisheni. Kuanzia Kimara hadi Tabata nguzo za umeme zimebandikwa karatasi, Hesabu, Fizikia, Kemia, na namba ya simu. Nyingi za hizo zinafundisha mitihani iliyopita, swali la 7 huwa hivi, swali la 12 huwa hivi, kariri hatua. Inasaidia kuvuna alama kumi, na si jambo baya kwa mtoto aliyebakiza miezi minne. Haitibu. Na mtoto ambaye mama yake anauza vitumbua haiwezi.

Sasa tunao mtaala mpya, ulioanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023. Una mambo ya kusifiwa: elimu ya lazima miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, mkondo wa amali (wa ufundi) kando ya mkondo wa jumla, tahasusi za kidato cha tano zilizoongezwa kutoka 16 hadi 65. Hisabati imebaki ya lazima, vitabu ni vipya na vinazungumzia umahiri badala ya kukariri. Lakini umahiri ulioandikwa kwenye kitabu hauna nguvu mbele ya hesabu ya pointi za masomo saba. Kanuni ya kupanga madaraja ikibaki ilivyo, mkuu wa shule wa Chanika atazipeleka Jumamosi zake kulekule.

Basi tuifanye F ya hesabu iwe na gharama? Hapa ndipo ninapopunguza sauti. Ukitangaza kesho kwamba asiyefaulu hisabati hapati divisheni, utakuwa umewafungia njia robo tatu ya vijana kwa kosa ambalo si lao. Watoto hawawezi kuadhibiwa ili watu wazima waamke.

Wenzetu wamehangaika na jambo hilihili. Kenya walifikia kuifanya hisabati ya sekondari ya juu kuwa hiari, kelele zikawa kubwa, na Aprili 2025 waziri wao wa elimu, Julius Ogamba, akatangaza kuwa itabaki lazima, ila kwa sura mbili: nzito kwa wanaoelekea sayansi na uhandisi, nyepesi kwa wengine. Uingereza mtihani wa miaka 16 una ngazi mbili, na asiyefikia kiwango kinachotakiwa analazimika kuendelea kusoma hesabu hadi akifikie au atimize miaka 18. Kipande hicho cha mwisho ndicho ninachokitamani kuliko ngazi zenyewe. Ngazi mbili kwetu naziogopa. Najua zitakavyogawanywa: shule binafsi za Masaki na Mbezi zitachukua nzito, shule za kata zote zitatupwa kwenye nyepesi, na baada ya miaka mitano mtoto wa Mbagala hatakuwa na hata mwalimu wa kumfundisha ile nyingine.

Ningeanza na kitu kidogo kuliko hicho. Muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza usiwe na mada mpya ya hisabati hata moja. Sehemu, desimali, namba hasi, asilimia, uwiano, basi, na kipimo cha kuanzia ili mwalimu ajue nani yuko wapi. Kisha uwepo mtihani mfupi wa hesabu za msingi, unaofanywa kidato cha pili, na asiyeuvuka anaurudia cha tatu na cha nne mpaka auvuke, kama mtu anavyorudia jaribio la leseni ya udereva, bila aibu na bila kufukuzwa mahali. Matokeo yake yaandikwe peke yake kwenye cheti, na shule ipimwe kwa idadi ya waliovuka. Mkuu wa shule akijua ataulizwa hilo, Jumamosi zitahama zenyewe. Matriki na vekta ziendelee kuwepo, maana wanaozihitaji wanazifanya vizuri: ufaulu wa Hisabati ya Juu kidato cha sita umekuwa zaidi ya asilimia 90. Juu hatuna shida kubwa.

Kuna gharama moja zaidi ambayo hatupendi kuitaja. Walimu wa shule za msingi wanatoka wapi? Wanatoka kwenye haohao waliomaliza kidato cha nne na cha sita, katika miaka ambayo wanne katika watano walifeli hisabati. Wengi wamesoma ualimu kwa masomo yao mengine, na ni walimu hodari. Ila shule ya msingi mwalimu hachagui sana, anapangiwa darasa la tano na kipindi cha hisabati kikiwemo. Aliyewahi kuandika 2/5 na kuachwa aende zake ndiye tunayemkabidhi chaki afundishe kujumlisha sehemu.

Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Januari 2028 wote wawili watagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa mpigo, mmoja amesoma miaka sita, mwingine saba, kila mmoja na kitabu chake cha hisabati. Mjadala wote ninaousikia ni wa madarasa na madawati, na madawati yanahitajika kweli. Taasisi ya Elimu ituambie sasa, kabla ya hapo, hisabati ya muhula ule wa kwanza itakuwa nini, na itampima nani kwa kipimo gani. Shule za Temeke na Ilala ambazo leo zina sabini kwenye chumba kimoja hazitakuwa na nafasi ya kubuni jibu asubuhi ile ya kuripoti.